Maua ya Maharage Siku Niliyoposwa

Mimi ni mtu wa haraka. Mama yangu anasema nilizaliwa kabla gari halijafika hospitali, na tangu siku hiyo sijajifunza kusubiri. Ajabu ni kwamba nilijichagulia kazi ambayo karibu yote ni kusubiri: ninachunguza jeni za maharage. Unapanda, unasubiri yaote. Yanaota, unasubiri yachanue. Yanachanua, unasubiri uone kama ulichokifanya kimeshika au umejichosha bure. Watu wakiniuliza kazini nafanya nini, nawaambia natafuta kwa nini harage moja linavumilia joto na jingine halivumilii, nao wanacheka. Bujumbura kila mtu ni mtaalamu wa maharage, kwa sababu kila mtu ameyala jana.

Tatizo lenyewe halihitaji digrii kulielewa. Maharage yetu mengi ni ya milimani, kwenye baridi. Ukiyaleta huku chini kando ya ziwa yanakua vizuri, yanatoa maua meupe ya kupendeza, wewe unaanza kufurahi, halafu unakuja usiku wa joto na asubuhi unakuta maua yote yako chini kwenye udongo. Sisi tulikuwa na aina ya njano, ile ambayo ikichemka jikoni jirani anapata sababu ya kuja kusalimia. Hiyo ilikuwa ya kwanza kukata tamaa. Tulikuwa pia na nyeusi moja ndogo, yenye maua ya zambarau, inayozaa hata katika joto la kumfanya mbuzi alale chini. Lakini ladha yake, tuache tu. Hakuna mtu atakayemwekea mgeni sahani ya maharage yale akabaki na heshima yake. Kazi yangu ilikuwa kuchukua uvumilivu wa ile nyeusi na kuuingiza ndani ya ile ya njano.

Tulianza kwenye maabara. Nilisaga majani machanga ya maharage mpaka vidole vyangu vikabaki kijani, nikatoa vinasaba vyake, vinavyojitokeza kwenye alkoholi kama ute wa bamia, vikasomwa herufi kwa herufi, na mwishowe tukaona kwenye skrini kipande kidogo ambacho maharage yote yanayovumilia joto yalikuwa nacho na yale mengine hayana. Siku ile nilicheza katikati ya maabara, na mkuu wangu, mtu mpole mwenye miwani inayomteremka puani, akafunga mlango ili watu wa korido wasinione. Sijuti. Kitu kilichokuwa kimejificha ndani ya harage tangu dunia ilipoumbwa, na mimi nakiona nikiwa nimeshika kikombe cha chai! Nani asiyecheza?

Ila kukijua kipande si kukipata. Ili kihame kutoka kwa nyeusi kwenda kwa ya njano, lazima mtu akae mbele ya ua akiwa na kibano, kile chuma chembamba cha kushikia vitu vidogo ambacho wengi kwetu hukiita pensi, na awakutanishe yeye mwenyewe. Na harage halipendi wageni. Ua lake hujichavusha lenyewe kabla hata halijafunguka. Kwa hiyo unalivizia likiwa bado kitumba kilichovimba, asubuhi, kabla ya jua kali; unafungua petali zake pole pole, unatoa chavua yake yote, kisha unachukua ua la baba lililofunguka asubuhi hiyo hiyo na kugusisha chavua yake kwenye ncha ya ua la mama. Ukichelewa siku moja, limeshajimalizia mambo yake.

Msimu ule joto lilitukamata vibaya. Vitumba vya maharage ya njano vilipukutika mmea baada ya mmea, mpaka ukabaki mmoja tu, nyuma kabisa kwenye kona yenye kivuli, wenye vitumba vichache vizima. Mkuu alikuwa ameshaniambia kwa upole wake kwamba nisipopata mbegu ya mseto msimu huo, nyumba ya wavu tunayopandia itapewa watu wa nyanya. Watu wa nyanya ni wenzetu wa kituo kimoja na si watu wabaya, lakini walikuwa na tabia ya kupita mlangoni kwetu wakipima urefu wa meza zetu kwa macho. Niliutazama ule mmea kwenye kona siku ya Ijumaa, nikabonyeza vitumba kwa kidole kimoja. Vilikuwa tayari kwa kesho yake. Na kesho yake, Jumamosi, ndiyo siku niliyokuwa naposwa.

Kuahirisha posa? Usinichekeshe. Mahema yalikuwa yameshasimamishwa uani kwetu Kibenga, na shangazi zangu walikuwa wameshateremka kutoka milimani na kugombania vitanda. Lakini nilikuwa na hesabu yangu. Wageni waliambiwa saa nne, na posa ya saa nne huanza saa sita, hilo analijua hata mtoto. Ningekwenda alfajiri, ningemaliza, ningerudi, ningevaa, na hata muda wa kununa kidogo chumbani ungebaki. Shangazi walinisuka na kunipaka poda kabla jua halijatoka, nikavaa koti la maabara juu ya kitenge cha nyumbani, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Mtu pekee niliyemuaga ni baba mdogo, ambaye siku hiyo ndiye angekuwa msemaji wa familia yetu mbele ya wageni.

Nyumba ya wavu ilikuwa tulivu, na vitumba vya njano vilikuwa vizuri kuliko nilivyoomba. Nikageukia kwa akina baba, mimea myeusi. Hakuna ua hata moja lililofunguka. Mimea ile isiyoogopa joto ilikuwa imeshazaa zamani, imetulia, imejaa maganda, haina habari na mimi. Nilisimama pale nikawatukana kwa Kirundi, lugha ambayo matusi yake yana adabu kidogo. Kisha nikakumbuka kwamba mkuu alikuwa na vyungu viwili vya maharage yale yale kwenye baraza ya nyumba yake mtaa wa Kinindo, alivyovipanda kwa kuchelewa ili apambe mlango.

Gari halikuwepo. Wiki hizo petroli, essence kama tunavyoiita, ilikuwa imepotea mjini, na foleni za magari zilikuwa zimelala mbele ya vituo vya mafuta. Basi nilikwenda kwa miguu, nusu natembea nusu nakimbia, na poda usoni na nywele za bibi arusi, watu wa Kinindo wakinitazama kutoka kwenye mageti yao. Mkuu alinifungulia akiwa amevaa bukta. Alinitazama uso, akatazama koti, akasema, "Lakini si leo unaposwa?" Nikamwambia, "Ndiyo, patron, nipe maua." Aliyachuma yeye mwenyewe, akayafunga kwenye kitambaa chenye maji, akayatia kwenye kopo la siagi. Nilikuwa barabarani narudi simu ilipolia.

"We mutoto, uko wapi?" Ilikuwa sauti ya baba mdogo, na nyuma yake nilisikia watu wengi. "Wageni wamefika!"

"Wamefika aje, baba mudogo? Saa hii?"

"Wote! Waliogopa essence itakosa, wakatoka mapema. Wako kwa barabara na mapambo yao, tunawapa Fanta."

Nilisimama katikati ya njia. Katika maisha yangu yote sijawahi kusikia wageni wa posa waliofika mapema. Nilikuwa nimepanga siku yangu juu ya tabia yetu wenyewe, na ukosefu wa petroli ukaibadilisha tabia hiyo siku hiyo hiyo moja.

"Baba mudogo, mi bado sijaanza. Nipe muda kidogo tu."

"Apana! Leo apana maharage!"

"Nikirudi sasa, kazi ya mwaka imekufa na nyumba wanachukua watu wa nyanya. We si ndiyo unajua kusema? Sema tu."

Baba mdogo alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kustaafu, na kwa miaka mingi alikuwa akiota siku ya kupewa kipaza sauti na familia. "Kusema mi najua," alikubali, na simu ikakatika.

Yaliyotokea nyumbani niliyaona baadaye kwenye video, na nimeiangalia mara nyingi kuliko nitakavyokiri mbele ya watu. Kwetu, msemaji wa upande wa binti hamtoi binti hivi hivi. Kazi yake ni kudanganya kwa ufundi: binti hayupo, binti hajazaliwa, mmekosea nyumba. Msemaji wa wageni naye lazima amjibu kila uongo kwa uongo mzuri zaidi, na watu wanakaa hemani wakifurahia kama wako uwanjani. Baba mdogo alianza vizuri. Akasema nyumba hii ina wavulana watupu. Msemaji wa wageni, mzee mwenye kofia ya pama, akajibu kwamba wao wamesikia sauti ya msichana akiimba tangu wako upande wa pili wa mji. Baba mdogo akasema huyo msichana ameingia utawa. Mzee akasema wamepita kwa askofu na ameruhusu. Baba mdogo akasema yuko Ulaya anasoma. Mzee akasema ndege inasubiri na injini haijazimwa. Ikaendelea hivyo, hema likicheka, baba mdogo akiangalia geti, na mimi sitokei.

Kisha maneno yakamwishia. Kwenye video unaona kabisa yanavyomwishia. Anapangusa shingo kwa kitambaa, anatazama geti mara ya mwisho, anashusha mabega, na kusema ukweli.

"Basi ndugu zangu, niwaambie bila kuficha. Binti yetu yuko kazini. Yuko ndani ya nyumba ya wavu, anashika ua ya maharage kwa pensi, anatia ndani chavua ya ua ingine. Akimaliza, anakuja."

Hema lilipasuka kwa kicheko. Wanawake walipiga makofi, vijana walisimama juu ya viti, na mzee wa kofia alikaa chini akajipangusa machozi. "Tumeshindwa," alisema alipoweza kupumua. "Uongo kama hii mi sijasikia tangu nizaliwe. Huyu mutu mumpe kiti kubwa!" Baba mdogo akainua mikono, "Lakini ni kweli! Naapa!" Wakazidi kucheka. Mchumba wangu alikuwa mstari wa mbele, ameinamisha kichwa, mabega yanatetemeka mpaka tai imekwenda upande. Yeye ananijua, alielewa kila neno. Ni mtu mmoja tu ambaye hakucheka. Mama yake alikaa wima, mikono juu ya mkoba, akimtazama baba mdogo kwa makini.

Huyo mama nilikuwa namwogopa. Alikuwa mkunga maisha yake yote, nusu ya mtaa wao walipokelewa duniani na mikono yake, na alikuwa na namna ya kukutazama inayokufanya useme ukweli hata kabla hajakuuliza.

Mimi wakati huo sikuwa na habari ya kicheko. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya ule mmea, pumzi nimeibana, nafungua kitumba cha kwanza. Jasho lilikuwa linateremka na poda, na nilikuwa nalifuta kwa bega ili lisidondoke kwenye ua. Mikono ilitaka kukimbia, niliikataza. Kitumba, petali, chavua nje, chavua mpya ndani, funga petali, funga kikaratasi cha alama, nenda linalofuata. Nitasema ukweli: nilikuwa na furaha kubwa. Familia mbili zilikuwa zinaningoja, na mimi sikutaka kuwa mahali pengine popote duniani. Kila nilipohitaji mkono mtupu nilichomeka kibano kwenye nywele, kama nifanyavyo kila siku.

Niliingia nyumbani kupitia ua wa jirani. Shangazi walinipokea bila kusema neno, na kwa jinsi ninavyowafahamu hiyo ilikuwa hatari. Wakanivua koti, wakanifunga mavazi ya sherehe begani, wakanipangusa uso, wakanisukuma nje. Nilitoka kwa mwendo wa pole, macho chini na kichwa nimeinamisha, kama inavyotakiwa binti anayeposwa. Na kwa kuwa nimeinamisha kichwa, hema zima lilikiona kibano kinachong'aa juu ya misuko yangu.

Kelele zilikufa. Nilidhani ni heshima. Kisha nikasikia kiti kikisogezwa, na viatu vya mama mkwe vikaja vikasimama mbele ya macho yangu. Mkono wake ukaingia kwenye nywele zangu na kutoka na kibano. Nilijiona nimekwisha.

"Hii pensi," alisema, akiigeuza. "Kumbe mukubwa wenu alisema kweli."

"Si niliwaambia!" baba mdogo alilia kutoka kwenye kiti chake kikubwa. Mzee msemaji wa wageni akavua kofia yake, hakujua aiweke wapi.

"Ni kweli, mama," nikasema. "Yalikuwa maua ya mwisho. Yasingengoja."

Nilikuwa tayari kusikia kwamba msichana anayewaacha wakwe hemani kwa ajili ya maharage atamwacha hata mtoto jikoni. Badala yake akasogea karibu na kushusha sauti.

"Imeshika?"

"Sijue bado, mama. Mpaka siku zipite."

"Kama mimba."

"Kama mimba."

"Basi apana kutangaza tangaza," alisema, akakitia kibano mkobani mwake, akarudi kukaa. "Endeleeni," akawaambia wazee, na wazee wakaendelea.

Tangu siku hiyo alinipigia simu kila asubuhi. Hakuuliza habari za mipango ya harusi, wala za mwanawe. "Zinaendelea aje?" Nami namwambia: moja limeanguka, mama. Jingine limeanguka. Alikuwa anasema tu, "Zimebaki zingine." Mwishowe likabaki ua moja. Hilo lilinyauka vizuri, na chini yake kikatoka kitu cha kijani, chembamba kama ukucha wa mtoto. Likawa ganda. Ganda likanenepa, likakauka, na siku nilipolifungua kulikuwa na mbegu tatu za njano, safi, zinang'aa.

Mkuu alifurahi. Mimi sikuthubutu. Rangi ya ngozi ya mbegu hutoka kwa mama peke yake, haisemi lolote kuhusu baba. Kila mbegu hutungwa na chembe yake ya chavua; zile zingeweza kuwa watoto wa mseto, au zingeweza kuwa zimetokana na chavua ya njano niliyoisahau kwa haraka yangu, maharage ya njano yale yale tuliyoanza nayo. Dalili ya kwanza ingeonekana wakati wa kuota tu. Baba yao ana shina la zambarau, mama yao ana shina la kijani, na rangi ya baba haijifichi kwa mtoto. Kijani ingekuwa na maana kwamba nimeshindwa. Nilizipanda kwenye chungu kimoja, nikamweleza mama mkwe kwenye simu, naye akauliza swali moja tu: zinaota lini.

Alikuja asubuhi niliyomtajia, amevaa viatu vyake vya kanisani. Watu wa nyanya walikuwa mlangoni na futi ya kupimia, mara hii bila kujificha, kwa sababu mkuu aliwaambia jibu linatoka leo. Walitusalimia kwa huruma. Tukapita, tukafika kwenye kona, nikainamia chungu. Mche mmoja ulikuwa umetoka, shingo imepinda, unasukuma udongo. Shina lake lilikuwa kijani. Kijani safi, kama ya mama yake.

Niliketi chini kwenye saruji. Nilihisi mwaka mzima umenitoka mwilini, majani yote niliyosaga, ile asubuhi ya kukimbia Kinindo. Sikulia kwa sababu watu wa nyanya walikuwa wanasikia. Mama mkwe hakuniambia pole. Alivaa miwani yake, akakunja sketi, akapiga magoti na kuinama mpaka pua ikakaribia udongo, kama ninavyofikiri alivyokuwa akiinama kazini kwake, pale wengine walipokuwa wamekata tamaa.

"Na huyu?" akasema.

"Yupi, mama?"

"Huyu anakuja nyuma. Huyu wa miguu ya zambarau."

Nikatambaa mpaka pale. Chini ya donge la udongo, likiwa limejikunja, kulikuwa na shina jembamba la zambarau, zambarau kabisa, halina ubishi, na kando yake udongo ulikuwa unapasuka kwa la tatu, zambarau pia. Nilitaka kusema kitu cha kitaalamu. Nikamkumbatia mama mkwe shingoni, miwani ikamwanguka, tukabaki sakafuni tumeshikana tukicheka. Kisha akanitoa polepole, akasimama, akavuta pumzi, akapiga vigelegele, vile virefu ambavyo wanawake hupiga nje ya wodi mtoto akishalia.

Watu wa nyanya waliingia mbio, wakiuliza nani amejifungua. Mama mkwe alisimama kati yao na chungu, mikono ameinyoosha.

"Muvue viatu," akawaambia. "Na musiguse. Bado ni wachanga."